Wito wa Matunzo Uliosomwa Harusini

Wanangu mnaoingia ustawi wa jamii, kazi hii mimi niliianza nikiwa mtu mzima, nimeshachoka na chaki. Nilifundisha shule ya msingi miaka ishirini na kitu, nikarudi kusoma pamoja na watoto wa umri wenu, nikapangiwa ofisi ya Ilomba, Mbeya. Kwa hiyo msidhani makosa nitakayowasimulia ni ya utoto. Nilikuwa na wajukuu wawili na miwani ya kusomea. Yalikuwa makosa ya mtu mzima, tena yaliyopigwa muhuri.

Ofisi ilikuwa na vyumba viwili. Cha ndani alikaa mkubwa wangu, Mzee Sanga, Mkinga mmoja mfupi wa sweta la kijani, amebakiza miaka mitatu astaafu. Maneno aliyatoa moja moja kama mtu anayegawa pipi kwa watoto wengi. Cha nje nilikaa mimi na meza, benchi, na kabati lisilofungika.

Asubuhi moja, hata wiki sijamaliza, akaingia mwanamke ana mtoto mgongoni. Akasalimia vizuri, akakaa kwenye ncha ya benchi kama mtu anayeogopa kulichakaza. Akasema anaitwa Mama Sekela. Mumewe, Lusajo, alikuwa akinunua viazi mashambani na kuviuza mjini. Biashara ikafa, akaenda Iringa kutafuta kazi, huyu wa mgongoni, Tusa, akiwa ndiyo kwanza ametimiza arobaini. Mwanzoni alituma matumizi. Kisha akatuma kidogo. Kisha akatuma salamu. Sasa mtoto anakaribia mwaka na hata salamu zimekatika. Nyumbani wapo wengine wawili, Sekela wa darasa la saba na Ambokile wa darasa la tatu.

"Ukimpigia simu anasemaje?"

"Hasemi. Inaita mpaka inachoka."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Unga," akasema. "Na viatu vya Sekela, na cha kupeleka shuleni wanangu wapate chakula cha mchana. Ila majirani wanasema lazima niachwe kwanza. Kanisani wanasema lazima tusuluhishwe kwanza. Mimi sitaki kuachwa, na huyo wa kusuluhishwa naye hayupo. Nataka unga."

Nikavaa miwani. Nikamjibu kwa ile sauti ya kufundishia matumizi ya nukta: "Majirani zako wamesema kweli. Ufungue kwanza shauri la talaka. Mahakama ikishavunja ndoa, ndipo itakapopanga matunzo ya watoto."

Mlango wa ndani ukafunguka. Mzee Sanga akasimama pale na kikombe chake cha chai.

"Mwalimu," akaniita, na aliniita hivyo mpaka siku anaondoka. "Talaka huchukua muda gani?"

"Inategemea, mzee. Mwaka. Hata miwili."

"Na huyo wa mgongoni anakula mara ngapi kwa siku?"

Nikavua miwani.

"Baba ni baba akiwa ndani, akiwa nje, akiwa amenuna. Mtoto hasubiri hakimu avunje ndoa ndipo ale. Andika wito."

Akarudi ndani, akafunga mlango. Hilo ndilo somo langu la kwanza, nami nawapa bure. Matunzo ya mtoto ni shauri lake na talaka ni shauri lake. Mama, au baba aliyeachiwa watoto, anaweza kudai la kwanza bila kuligusa la pili. Mwambieni aje na cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na orodha ya mahitaji aliyoiandika akiwa ametulia. Nasema ametulia kwa sababu niliwahi kuletewa orodha ambayo namba tatu yake ilikuwa "amrudishe mama yake kwao."

Basi nikaandika wito. Kwa kuwa kaka yake Lusajo alikuwa na nyumba hapohapo Ilomba, niliona uende kwa ndugu zake, nao wamfikishie. Nikaandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: Ndugu Lusajo, Ilomba, unaitwa ofisini kuhusu matunzo ya mtoto. Nikampa mwenyekiti wa mtaa. Nikajisikia nimefanya kazi.

Sasa, kutafuta Lusajo Ilomba ni kama kutafuta mgomba Tukuyu. Wito ukaenda kwa Lusajo mwingine, kijana fundi seremala, hajaoa.

Siku ya shauri kijana huyo akaja na mama yake, na mjomba wake, na jogoo aliyefungwa miguu. Mama Sekela alikuwa ameshakaa. Hakuna aliyeshtuka. Wao walidhani ni mteja mwingine, na yeye akadhani hivyohivyo. Mjomba akasimama, akavua kofia.

"Afisa, tumekuja kwa unyenyekevu. Kijana ametueleza yote na amekiri. Mtoto wa Uyole ni wake."

Mama mtu akageuka taratibu.

"Wa Uyole? Njiani si ulituambia ni wa Tukuyu?"

Kijana akaangalia jogoo. Jogoo akaangalia dirisha. Ndipo Mama Sekela akanong'ona, "Mwalimu, huyu mimi simjui."

Mzee Sanga akatoka, akasikiliza kidogo, akachukua majalada mawili mapya kabatini. La kwanza akaandika Uyole, la pili Tukuyu, akamwomba kijana akae. Mashauri yote mawili yaliisha vizuri, na mabinti wale mpaka leo hawajui walitetewa na wito wangu mbovu. Walipoondoka Mzee Sanga akaniambia, "Wito una majina matatu." Jogoo alirudi na wenyewe. Na hilo pia mlishike, ofisini hatupokei jogoo, hata akiwa amekuja kwa unyenyekevu.

Mara ya pili niliamua kutumia simu. Mama Sekela alikuwa na namba ya mumewe, ila simu ya mkewe Lusajo aliijua, hakuipokea. Nikapiga kwa simu yangu, spika imefunguliwa, mama kakaa pembeni. Ikapokewa.

"Halo, naongea na Lusajo?"

Kisha ikaja sauti nzito, ya kama mzee aliyemeza pamba. "Hapana. Lusajo hayupo. Yuko machimboni, Chunya. Kule hakuna mtandao."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni rafiki yake."

"Jina lako?"

Akakohoa. "Rafiki," akasema.

Mama Sekela alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Mimi nilikuwa natafuta la kusema. Nimefundisha watoto miaka mingi, najua mtoto akidanganya humwulizi la uongo wake, unamwambia jambo analolipenda.

"Sawa, Bwana Rafiki. Basi ukimpata mwambie tu kwamba Tusa ameota jino."

"La juu au la chini?" Hiyo ilikuwa sauti nyingine kabisa, nyepesi, ya kijana. "Maana Ambokile alianza na la juu, tukahangaika naye."

Upande wa pili nikasikia pumzi. Halafu simu ikakatwa.

Mama Sekela akatoa khanga mdomoni. "La chini," akaijibu simu iliyokufa, na machozi yakamtoka, sijui ya kicheko au ya nini. Alikuwa amengoja miezi mingi kusikia ile sauti, akaisikia ikiuliza habari za jino.

Wiki chache baadaye Mama Sekela akaja na simu ya jirani. Jirani alihudhuria harusi Iringa akarekodi. Kwenye video alikuwepo mshereheshaji mwembamba, suti ya bluu inayong'aa kama bati jipya, ameshika maiki, watu wanamshangilia: MC Mibaraka. Kwa msiojua Kinyakyusa, Lusajo maana yake ni baraka; MC huyo ndiye mumewe Mama Sekela. Mimi mwenyewe ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa tu Mbeya, nikaelezwa na Mama Sekela.

Kwenye video MC Mibaraka alikuwa anamwusia bwana harusi. "Mwanaume ni yule ambaye unga hauishi ndani kwake," alisema. "Bwana harusi, unga usiishe." Ukumbi mzima ukaitikia: "Usiishe."

Mama Sekela akairudia mara tatu. "Ana sauti nzuri," akasema. "Mimi pia aliniambia hayohayo."

Mzee Sanga akaniita ndani. Akasema nipeleke wito mpya Iringa, wenye majina matatu, nimkabidhi afisa mwenzetu wa kule, naye amwite mtu huyo faragha, ofisini, siku ya kazi. Akayarudia maneno mawili: faragha, ofisini. Alikuwa ananijua.

Nilifika Iringa Ijumaa mchana. Afisa mwenzetu alikuwa ameenda kijijini kwa shauri la mtoto, na hangerudi mpaka Jumatatu. Nikapanda kwa shangazi yangu Kihesa, nikiwa na bahasha ya kaki mkobani, nimenuna.

"Kamwene," akanipokea shangazi. Nikamweleza kwamba namtafuta mtu anayeitwa MC Mibaraka. Sikumweleza ninamtafutia nini, hilo nilijitahidi.

"Huyo hapatikani siku za kazi," akasema shangazi. "Lakini kesho ana harusi ya mjukuu wa jirani yangu. Na kadi yangu ni dabo, ya watu wawili."

Hapo ndipo mlipaswa kuwepo mnishike mkono. Niliwaza hivi: nitaenda, nitakaa kimya, sherehe ikiisha nitamfuata pembeni, nitampa bahasha yake, nitapanda basi. Wazo halikuwa baya sana. Ila sikuwa nimemweka shangazi kwenye hesabu.

Ukumbi ulijaa saa nane mchana. Lusajo alikuwa hodari, siwafichi. Alimchekesha mpaka padri. Mimi nilikaa meza ya nyuma, nimeshatoa bahasha mkobani niwe tayari, nimeificha chini ya leso. Ikafika zamu ya zawadi. Mnajua inavyokwenda: meza inaitwa, mnasimama, mnacheza mpaka mbele, MC anatangaza mlicholeta. Shangazi alikuwa na mablanketi mawili. Meza yetu ilipoitwa akanikamata mkono.

"Shangazi, mimi niache."

"Umekula wali wa watu, utakaaje."

Nikajikuta kwenye foleni, nacheza, bahasha mkononi. Nilitaka kuirudisha chini ya leso, lakini leso ilikuwa mezani. Shangazi akakabidhi mablanketi. Mimi nikabaki nimesimama mbele ya MC Mibaraka, na kabla sijajua niseme nini, akaipokonya bahasha kwa madaha, akaiinua juu.

"Na hii ni bahasha, ndugu zangu," akasema kwenye maiki. "Bahasha ya kaki. Bahasha ya kaki huwa haina utani. Inatoka kwa..." Akaisogeza machoni. "Ofisi ya Ustawi wa Jamii, Ilomba, Mbeya. Kwenda kwa Ndugu Lusajo..."

Alisoma majina yake yote matatu. Nilikuwa nimeyaandika makubwa, kwa mwandiko wa ubaoni, yasije yakaenda kwa mtu mwingine. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, chini yake nilikuwa nimeandika Yah: Matunzo ya Watoto Watatu. Mdomo wake ulikuwa umeshazoea kumaliza unachoanza. Akalisoma na hilo.

Ukumbi ukanyamaza. Mpiga muziki akadhani ni ishara, akafungulia wimbo. Wanawake wa meza ya pili, ambao hawakusikia vizuri, wakapiga vigelegele. Lusajo akanitazama. Nadhani aliijua sauti yangu kabla sijafungua mdomo.

"Hii," akasema taratibu, "ni zawadi ya MC mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akanikabidhi maiki kama mtu anayekabidhi mtoto, akasema, "Nishikie kidogo," akatoka kwa mlango wa jikoni.

Hakurudi. Wanakamati wakanijia. Keki haijakatwa, meza sita hazijaleta zawadi, wazazi hawajatambulishwa, na maiki iko kwangu. Mwenyekiti wa kamati akaniambia kwa upole kwamba aliyemfukuza MC ndiye ataendesha.

Mimi ushereheshaji siujui. Ninachojua ni gwaride la asubuhi. "Meza ya nane," nikasema, "inukeni. Msisukumane. Mwenye sufuria atangulie, mwenye blanketi afuate." Wakainuka. Wazee wenye mvi wakajipanga kwa kimo. "Bwana harusi, simama wima. Toa mikono mfukoni." Akatoa. Keki waliila meza kwa meza, na kuna baba mmoja alinyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda nje. Sherehe ikaisha jua bado liko juu. Baba wa bwana harusi alinishukuru sana, akasema hajawahi kurudi nyumbani mapema hivyo kutoka harusini. Watu wawili waliniomba namba ya simu.

Baada ya hapo nikazunguka nyuma ya jiko. Lusajo alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, koti amelivua, wito umefunguliwa magotini.

"Umenidhalilisha, mama," akasema.

"Kweli. Haikuwa nia yangu, lakini nimekudhalilisha. Nisamehe."

Nadhani alitegemea nibishe. Aliponiona sibishi, akakosa pa kushikia. Akaanza kukunja ule wito, kuukunjua, kuukunja.

"Meno ni mangapi sasa?"

"Manne. Lakini Lusajo, watoto hawali habari za meno. Kwa nini hutumi?"

Akanieleza. Kazi ya harusi, alisema, ina misimu. Kwaresima ikiingia Iringa haolewi mtu, naye anashindia uji. Hiyo ilikuwa sababu ndogo. Sababu kubwa alichelewa kuitoa. Alipoanza kukosa, rafiki yake mmoja alimwonya: ukituma matunzo ukiwa mbali na mkeo, kisheria umeshakubali kwamba mmeachana, na kila utakachotuma kitasomwa mahakamani kama ushahidi. Yeye hakutaka kuachana. Kwa hiyo hakutuma.

Nilikaa chini, juu ya gunia la mkaa, na nguo yangu ya harusi. Mke yuko Ilomba hadai kwa sababu kaambiwa aachwe kwanza. Mume yuko Iringa hatoi kwa sababu kaambiwa akitoa ameacha. Na katikati watoto watatu wanangoja watu wazima wawili waache kupendana kwa namna hiyo.

"Huyo rafiki yako," nikamwuliza, "si yule Bwana Rafiki niliyeongea naye kwenye simu?"

Akacheka, akajifuta uso kwa wito wa serikali. "Tarehe hiyo nitakuja," akasema.

Jumatatu nikamweleza Mzee Sanga kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Maiki ilikuwa inafanya kazi?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuambia faragha. Sikusema faragha kwa ajili ya huyo bwana. Nilisema kwa ajili ya watoto."

Sikumwelewa mpaka Alhamisi. Siku hiyo, saa za kutoka shule, akaingia binti wa sare, viatu vimepasuka mbele, akasimama mbele ya meza yangu mikono nyuma. Alikuwa Sekela. Mtu alirekodi harusi ile, na video ikafika Ilomba kabla yangu.

"Mwalimu," akasema, "darasani wananiita Bahasha."

Hakulia. Alitaka tu nijue. Wanangu, nimewahi kuonywa kwa barua mara mbili katika utumishi wangu, na barua zote mbili hazikuniuma kama hilo neno moja. Nilisimama, maana haifai kumwomba mtoto msamaha umekaa, nikamwambia kosa ni langu, si la baba yake wala mama yake, na kwamba kesho nitakuja shuleni. Nilienda. Nilimfuata mwalimu wake wa darasa, tukaongea kiualimu, na jina likazimika, ingawa si siku hiyohiyo. Ndiyo maana hata sasa, mkiniuliza hapa kitu gani cha kwanza katika kazi hii, sitawatajia kifungu cha sheria. Nitawaambia bahasha ya mtu ifike kwa mtu, imefungwa.

Siku ya shauri Lusajo alikuja. Alivaa ile suti ya bluu kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Naomba niwafundishe kuketisha. Baba na mama msiwaweke wakitazamana, watapigana kwa macho. Wawekeni pembeni mwa meza, wote wanawatazama ninyi. Na stepla iwekeni kabatini. Stepla ni ndogo lakini inaruka vizuri, Mzee Sanga alikuwa na kovu juu ya nyusi.

Lusajo akaanza kama alivyozoea. "Kwanza kabisa niwashukuru wote mliojumuika..."

"Tuko wanne," akasema Mzee Sanga. "Endelea."

"Mke wangu, mimi bado nakupenda."

"Hilo lina baraza lake, la usuluhishi wa ndoa, mkitaka tutawaandikia mwende," akasema mzee. "Hapa ni watoto. Mama, soma orodha yako."

Mama Sekela akafunua daftari. Alikuwa ameandika vitu saba tu. Unga, maharage, viatu vya shule, chakula cha mchana shuleni, sabuni, matibabu, na cha mwisho: baba awapigie watoto simu kila Jumapili, kwa sauti yake mwenyewe.

Lusajo aliisikiliza ile ya saba kichwa chini. Kisha wakaanza kujadiliana, na mara ya kwanza niliwaona walivyokuwa zamani, watu wawili wa biashara ya viazi. Mama Sekela ndiye aliyemaliza tatizo la Kwaresima. Alisema kipindi cha mavuno mahindi huwa rahisi na harusi huwa nyingi, basi anunue wakati huo gunia moja kwa kila mtoto, yawekwe ndani, na mengine atume kwa simu kila mwezi anaofanya kazi. Lusajo akasema ni wazo zuri. Mama akasema analijua, ndiyo maana amelitoa.

Nikaandika makubaliano, wakasaini, tukayapeleka mahakamani yapewe nguvu. Msisahau hatua hiyo. Karatasi ya ofisini peke yake ni ahadi, ikishapita kwa hakimu inakuwa amri. Na ilihitajika, maana mwaka wa pili Lusajo aliruka miezi miwili, akakumbushwa na mahakama mara moja tu, akaja na suti.

Mtataka kujua kama walirudiana. Hawakurudiana. Alikuja kuwatembelea watoto, akakaa sebuleni, akala, akaondoka, hivyo hivyo miaka, mpaka wenyewe wakaona wameshaachana siku nyingi na kilichobaki ni karatasi. Talaka ilitoka bila kelele. Sekela alifaulu kwenda sekondari akiwa na viatu vizima.

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Mwanjelwa nachagua nyanya, nikaguswa bega. Mama Sekela, amenenepa, ana duka lake la nafaka. Tukasalimiana sana. Kisha akaniambia ana shida ya kiofisi.

"Ni Lusajo," akasema. "Bado analeta mahindi."

"Si ndiyo vizuri? Tusa bado anasoma."

"Gunia la Tusa sawa. Lakini Ambokile anafanya kazi Dodoma. Sekela ameolewa, ana watoto wawili, na kila mavuno gunia lake linashushwa mlangoni kwangu. Mimi nauza mahindi, mwalimu. Nina mahindi mpaka kitandani. Nimemwambia aache, ananionesha karatasi. Anasema imeandikwa gunia moja kwa kila mtoto, haikuandikwa mpaka lini."

Nikakumbuka mwandiko wangu. Kweli, mpaka lini sikuandika.

Nikamwambia mimi nimestaafu, aende ofisini Ilomba, ataonana na ninyi.